Maji ya Udhu na Mzizi Mtamu

Jumatatu, 23 Septemba

Mgongo unauma. Nimewasha jiko la maji kabla ya alfajiri, nimejaza mabirika, nimefuta sakafu. Wazee wametawadha, wameswali, wameondoka. Nimefuta tena. Ndiyo kazi ya mtunza chumba cha udhu wa msikiti wetu. Simlalamikii Mungu. Naandika tu.

Lakini leo kuna habari! Baada ya alasiri Ahongi Sha, anayetuswalisha, aliniita mimi na shemeji yangu Tuo Wanfu mbele ya wazee. Akasema wamechoka. Miaka minne tunagombania kile kishamba cha urukususu, mmea wa dawa wenye mzizi mtamu, nyuma ya msikiti, nusu yangu, nusu yake, tuta katikati, na hata kwenye dua wanatusikia tukisonyana. Sasa basi. Jumatatu ya tarehe saba mwezi ujao tunachimba. Daktari Mu wa duka la dawa za miti kule mjini atakuja kuonja mizizi. Mwenye mizizi bora anachukua kishamba chote. Mwenzake anakabidhi jembe.

Shemeji akauliza kama anaweza kukabidhiwa langu leo leo, ili tuokoe muda. Wazee wakacheka. Mimi nilitabasamu tu, kama mtu aliyekwisha kula.

Maana tulipogawana nilichagua kwanza mimi. Nikachagua nusu iliyo chini ya ukuta wa chumba cha udhu, ambako maji yote ya kutawadhia hutokea. Mara tano kwa siku! Bure! Shemeji akabaki na nusu ya mbali, kavu kama kisigino. Mimi ni mtoto wa milimani. Kule kwetu, kabla hatujahamishiwa huku bondeni kwenye mfereji wa Mto Manjano, maji ya mvua tuliyafungia kisimani kwa kufuli, na mtu akija kuposa aliulizwa kwanza ana visima vingapi. Mimi nilioa nikiwa na kimoja na nusu. Mtu wa aina yangu haonyeshwi maji akayaacha.

Leo majani yangu yananifika kifuani, kijani kibichi. Ya shemeji yamesimama moja moja kama ndevu za Mzee Hei. Nimeshaanza kufikiria pa kujenga kibanda. Shamba letu nilimpa mwanangu, na sasa nikikanyaga humo mkamwana wangu huniuliza natafuta nini. Kishamba cha msikiti ndicho udongo pekee ambao nikisimama juu yake siulizwi. Nikikikosa, nabaki na mabirika tu mpaka kufa.

Alhamdulillahi, siwezi kukikosa.

Jumanne, 24 Septemba

Msiba.

Mke wangu Guilan ana kikohozi. Aling'oa mche wangu mmoja wa pembeni achemshe mzizi anywe. Akaniletea kitu mkononi. Kifupi, kimegawanyika vidole vidole, mguu wa kuku mtupu! Akaniambia nitafune. Nikatafuna. Maji. Nikatafuna tena kwa imani zaidi. Maji yenye udongo. Guilan akasema kama hii ni dawa basi ni ya kumfanya mgonjwa aone heri kikohozi. Akaenda kuomba kwa wifi yake, yaani kwa dada yangu Xiuying, yaani kwa shemeji!

Nilingoja shemeji aende kula. Nikavuka tuta. Nikashika mche wake, kamche kembamba ka kusikitisha, nikavuta. Haukuja. Nikachimba kwa mikono, nikavuta. Nikachimba, nikavuta, nikaita jina la Mungu, nikavuta. Ukaja wote kwa mara moja nikaanguka chali. Mrefu kuliko mimi! Umenyooka kama fimbo. Nikauuma. Utamu ulianzia kwenye ncha ya ulimi, ukashuka taratibu mpaka kooni, ukakaa huko kama mgeni aliyekuja na mizigo. Nikasema subhanallah kwa sauti. Hilo ndilo lililoniponza.

Shemeji alikuwa juu ya tuta na bakuli lake la tambi. Akauliza nafanya nini kwake. Nikasema natafuta kofia yangu ya swala. Akavuta tambi, akatafuna, akameza, hana haraka. Kisha akasema: "Iko kichwani, shemeji."

Jumatano, 25 Septemba

Nimemwendea shemeji kwa unyenyekevu, nikamuuliza kwa kuzungukazunguka inakuwaje mizizi yake ikarefuka hivyo. Si mchoyo wa maneno, huyo. Akasema mzizi ni kama sisi watu wa milimani. Ukinyimwa maji unateremka wenyewe kuyatafuta, na huko kuhangaika ndiko kunakoutia utamu. "Wako umeletewa chai kitandani mara tano kwa siku, shemeji. Utoke uende wapi?"

Nikauliza, kwa mfano tu, kama mtu angeunyima maji sasa hivi, siku hizi chache zilizobaki, mzizi usingebadilika? Akacheka mpaka akashika tuta. Akasema bwana harusi mnene ukimfungisha wiki moja kabla ya harusi hapungui, ananuna tu.

Anaficha. Mshindani hawezi kukupa ukweli wote, atakupa nusu na nusu atabaki nayo. Mimi naona hivi: udongo wangu ukikauka ghafla, mizizi itashtuka. Ikishtuka itateremka. Ikiteremka itatiwa utamu. Mpango uko wazi. Kikwazo ni kimoja, nacho ni wazee. Wanatawadha kama mabata.

Alhamisi, 26 Septemba

Nimekwenda kwa Ahongi. Nikamwambia moyo wangu unaumia nikiona maji ya udhu yanavyomwagwa, na kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alitawadha kwa kibaba kimoja tu. Je, hotuba ya kesho isingefaa iwe juu ya israfu?

Ahongi alivua miwani akafuta macho. Akasema miaka yote hiyo hajawahi kuombwa mawaidha na mtu mzima wa afya, huombwa na wagonjwa tu. Akanishika mkono kwa mikono miwili. Nikaona haya kidogo. Halafu nikajiambia: kwani nimesema uongo? Hadithi ni sahihi. Maji yanamwagwa. Moyo unaumia. Kila neno ni kweli.

Nimelala mchana kwa raha.

Ijumaa, 27 Septemba

Hotuba ilikuwa nzuri mno. Kibaba kimoja! Hata ukiwa kwenye mto unaotiririka usifuje! Watu waliinamisha vichwa. Mimi nilikaa safu ya mbele, nikitikisa kichwa kwa uchungu.

Alasiri wakaja kutawadha. Kweli, wakatumia maji kidogo. Kila mmoja kibaba chake. Nilitaka kuwabusu! Kisha Mzee Hei akasimama mlangoni, akatazama viwiko vyake, akauliza kama vimelowa. Hakuwa na hakika. Akarudi akatawadha tena. Akasimama, akatazama visigino. Akarudi. Mwenzake alipomwona akaingiwa na wasiwasi naye. Muda si muda wote wamerudi! Kila mtu anatawadha kwa kibaba kimoja mara nne, akiogopa swala yake isipokelewe. Maji yaliyotoka nyuma leo sijawahi kuyaona tangu msikiti ujengwe.

Nimefuta sakafu mpaka magharibi. Nimechoka, Mola wangu. Nimechoka.

Jumamosi, 28 Septemba

Tatizo si watu, tatizo ni mabirika. Makubwa mno! Nimeyafungia stoo yote, nikamwambia Ahongi nayasugua kutu. Badala yake nimepanga mabuli ya chai ya Guilan, madogo, mazuri, yana maua. Mtu akitawadha kwa buli hawezi kufuja.

Sikuyakagua yote. Lile la mwisho Guilan alikuwa ameacha ndani yake chai ya mchanganyiko, ile yenye tende na zabibu na sukari mawe. Likamwangukia nani? Mzee Hei. Alfajiri macho yake hayajafunguka vizuri. Akanawa uso, akapaka kichwa, akaenda kuswali. Kwenye sijda ya kwanza paji lake la uso likagandia mkeka. Aliinuka na mkeka! Ahongi, aliyekuwa mbele ametupa mgongo, hakuona, akaendelea. Safu nzima wakatikisika mabega. Walionusurika ni wale wasioona vizuri.

Baadaye Mzee Hei alikuja na zabibu moja bado ndevuni. Akaniambia amekaa duniani miaka themanini, amekula njaa, amehamishwa mlimani, lakini hajawahi kufanywa kitafunio. Wazee wakaamuru mabirika yarudi. Guilan akaamuru mabuli yarudi. Shemeji yeye akaniuliza tu kama adhuhuri kutakuwa na biskuti.

Jumapili, 29 Septemba

Nimefikiri sana leo juu ya sadaka.

Ahongi ametufundisha kwamba katika sadaka zilizo bora ni kumnywesha mwenye kiu. Na nani mwenye kiu kuliko urukususu wa shemeji yangu? Miaka minne unateseka! Mimi nimeshiba maji, yeye hana tone. Je, nitajibu nini siku ya hisabu? Na sadaka nzuri ni ya siri, mkono wa kushoto usijue wa kulia umetoa nini.

Baada ya alfajiri, watu walipokwenda kunywa chai, nilichimba kijifereji kando ya ukuta, kikakwepa upande wangu wote, kikatoboa tuta, kikaingia kwa shemeji. Nikafunika juu kwa nyasi, kwa ajili ya ile siri. Maji ya adhuhuri yalipita yote. Yakaenda kwake kimya kimya, kama mtu anayerudi nyumbani.

Nimeswali rakaa mbili za ziada. Sijui kwa nini zilikuwa nzito.

Jumanne, 1 Oktoba

Sikukuu ya taifa. Vijana wote wamerudi kutoka mijini, msikiti umejaa, na vijana wa mjini huoga kama wanalipwa. Maji mengi! Yote kwa shemeji. Leo nilipochungulia udongo wake umekuwa mweusi, na ile miche ya kusikitisha imechangamka, imetoa vijani vipya pembeni. Vizuri. Leweni.

Mchana dada yangu Xiuying akaja na bakuli la mikate ya kukaanga, ile ya mafuta, ya moto bado. Akaiweka mbele yangu, akakaa, akaniangalia mpaka nikaogopa. Akasema kijifereji amekiona. Akasema mume wake hajakiona, na yeye hatamwambia, maana amejua kwamba sadaka hutolewa kwa siri. Akasema tangu utotoni kule milimani hakuwahi kuniona nikimpa mtu maji, hata yeye nilimpimia kwa kifuniko cha chupa. "Umekua, kaka," akasema. Akalia. Mtu na miaka yangu hamsini na tatu, naambiwa nimekua!

Nilikula mikate mitano. Ilikuwa mitamu na haikupita vizuri.

Jumatano, 2 Oktoba

Upande wangu umeanza kukauka. Ndivyo nilivyotaka. Majani yamelegea, yananing'inia kama masikio ya punda mgonjwa. Ndivyo nilivyotaka! Nikakaa ukutani kuyafurahia.

Sikuweza. Nilizaliwa mahali ambapo mama yangu aliosha nyuso zetu watoto wote kwa bakuli moja, kisha maji yale akampa kondoo. Mche ukilegea mbele yangu nasikia unaniita. Nikajiambia nitaupa mmoja tu, ule wa kona, na kidogo tu. Nikaleta birika. Halafu jirani yake akanitazama. Nikasema basi na wewe. Huwezi kumpa mmoja ukamwacha mwenzake anameza mate.

Guilan alinikuta na birika la kumi na ngapi sijui. Akaniuliza si nilisema naukausha. Nikamwambia naukausha ndiyo, lakini kwa upole.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mungu mkubwa! Nimeokoka!

Nilikuwa nafuta sakafu karibu na dirisha la Ahongi. Anaongea na simu. Nikasikia akitaja Daktari Mu, nikatega sikio, si kwa umbeya, ni kwa sababu sikio lilikuwa pale pale. Ahongi akasema: "Nene? Hataki nyembamba hata kidogo? Sawa. Nene kama kidole gumba. Na laini. Haya, nitamwambia Na." Na ndilo jina la ukoo wangu! Mimi ni Na Shouren!

Kumbe! Daktari anataka dawa nene, yaani mizizi minene! Laini! Shemeji na zile fimbo zake atakwenda kuswagia kondoo. Ni mimi niliyekuwa sahihi tangu mwanzo, na nimepoteza siku nne kumpa maji yangu kwa huruma ya kijinga.

Nimeziba tuta saa hiyo hiyo. Nimefukia kijifereji. Maji yamerudi kwangu. Ahongi alikuja kuniita, nikamwambia usijali, nimeshaelewa, zitakuwa nene. Akaonekana kushangaa, akasema basi vizuri.

Ijumaa, 4 Oktoba

Kuoga siku ya Ijumaa ni sunna. Nimewakumbusha watu. Nilisimama mlangoni tangu asubuhi, nikawaambia wazee maji leo nimeyapasha vizuri kuliko siku zote, waingie, wasiharakishe, wavikumbuke viungo vyao. Zile ndoo za kuogea zinazoning'inia, zenye tundu chini, nimezijaza mpaka ukingoni, na tundu nikazipanua kwa msumari kidogo.

Mzee mmoja akauliza kile kibaba kimekwenda wapi. Nikamjibu kibaba kilikuwa cha Ijumaa iliyopita.

Waliimba mle ndani! Mvuke ulitoka mpaka barabarani. Mzee Hei aliingia akiwa bado hasemi nami, akatoka mwekundu kama mtoto mchanga, akanisamehe. Nyuma, kwangu, maji yamesimama juu ya ardhi. Yanameta. Nilivua viatu nikasimama katikati. Raha ilioje! Mtu wa milimani, maji mpaka kifundo cha mguu, na yote yangu.

Nilimwona shemeji ananitazama toka kwake. Alitikisa kichwa. Wivu huo.

Jumapili, 6 Oktoba

Leo sina nguvu ya kuandika. Nitaandika kwa kifupi.

Ahongi amemuuliza Guilan kama nilimfikishia ule ujumbe. Guilan akauliza ujumbe gani. Ahongi akasema wa chakula cha kesho. Daktari Mu ameweka meno mapya, hawezi tambi nyembamba za kuvuta kwa mkono, zinaingia kwenye pengo, anaomba avutiwe nene, kama kidole gumba, na zipikwe zilainike.

Tambi.

Nimekaa kitandani. Guilan akaniuliza ninaumwa wapi. Nikamwambia kila mahali.

Jumatatu, 7 Oktoba

Walikuja wote. Wazee, vijana, wanawake kwenye mlango wa jiko. Daktari Mu ni mtu mwembamba mwenye kisu kidogo na sauti ndogo. Wakaanza kwa shemeji. Walichimba, wakachimba, vijana wakaingia shimoni mpaka kiunoni, mzizi bado unateremka. Ulipotoka watu walisema aaah. Daktari akakata kipande, akatazama manjano ya ndani, akanusa, akafumba macho akatafuna. Akaendelea kutafuna mpaka Ahongi akamuuliza kama ni meno. Akasema si meno. Akasema ni siku nyingi hajakutana na utamu wa namna hii.

Kisha akabinya sehemu ya juu, karibu na shina. Akakunja uso. Akauliza nani amemwagilia hapa juzijuzi, maana juu kumeanza kulegea.

Nikatazama mawingu. Hayakuwepo.

Dada yangu hakuweza kuvumilia. Akapaza sauti toka mlango wa jiko: "Ni kaka yangu! Alimwonea huruma mume wangu, akampa maji yake kwa siri!" Daktari akasema kwa ile sauti yake ndogo kwamba amwambie kaka yake asimwonee huruma tena, wiki moja zaidi ingeoza yote.

Wakanigeukia wote. Shemeji alitazama tuta, pale nilipoziba. Akatazama ukuta. Akanitazama mimi. Nilimwona akijumlisha. Mbele yangu kulikuwa na milango miwili tu: kuwa mwovu au kuwa mpumbavu. Nikachagua upumbavu. Nikasema nilidhani namsaidia. Nikasema sisi watoto wa milimani tukiona kikavu hatuwezi kujizuia. Halafu wakaangua kicheko, Mzee Hei mpaka akashikiliwa. Shemeji hakucheka mara moja. Alinitazama kidogo zaidi, kisha akamtazama mke wake, jinsi alivyokuwa ananitolea macho ya fahari. Ndipo naye akacheka.

Wakaja kwangu. Koleo lilizama likafyonza kama mtu anayekunywa supu. Kitu cha kwanza kutoka kilikuwa chura. Daktari akamshika kwa heshima, akasema chura naye ni dawa, na mpaka sasa ndiye anayeongoza upande huu. Kisha mizizi. Mifupi, myeusi, imetambaa kando kando bila haja ya kwenda popote. Mingine ilikatikia mkononi. Daktari akatafuna mmoja kwa haki, sikatai, alitafuna kwa haki. Akatema pembeni. Akasema ni kama mpini wa jembe uliosahauliwa kwenye ndoo.

Ahongi akatamka. Kishamba ni cha Tuo Wanfu.

Nikakabidhi jembe. Hakuna aliyecheka hapo. Mikono ilibaki imejikunja kama bado imelishika, nikaiweka nyuma ili isionekane. Nikaenda kuwasha jiko la maji, maana adhuhuri ilikuwa inaingia na watu wana matope.

Tambi zilikuwa nzuri. Nene. Daktari alikula bakuli mbili.

Baada ya chakula shemeji akasimama. Akasema kishamba ni chake, lakini mkewe amemwambia kwamba kaka yake akibaki na mabirika tu, yeye Wanfu ajivutie tambi mwenyewe maisha yake yote. Kwa hiyo anaomba wazee wakubali tugawane tena. Yeye atachukua nusu ya karibu, hii iliyozama, ahangaike nayo. Mimi anipe nusu ya mbali, ile yake. "Kule maji hayafiki," akasema. "Hata akitaka kuuzamisha mzizi hawezi."

Wazee wakasema amina. Jembe likarudi mkononi mwangu. Nililia mbele ya watu, sioni haya kuandika. Nikamkumbatia shemeji. Akaninong'oneza sikioni: "Lakini ule mfereji ulikuwa mzuri, shemeji. Umenyooka. Ungekuwa fundi."

Namshukuru Mungu kwa kila hali. Mwisho wa ujanja. Nitalima kama nilivyoonyeshwa.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimeamka nimetulia. Nimeswali, nimejaza mabirika, nimekwenda kusimama kwenye nusu yangu mpya. Hakuna aliyeniuliza natafuta nini. Udongo mzuri, umechimbwa ukageuzwa, uko tayari kwa miche ya masika.

Mkavu, lakini.

Nikaanza kuwaza. Shemeji ameshinda. Kishamba chote kilikuwa chake. Mtu aliyeshinda anachagua anachotaka, au sivyo? Na amechagua nini? Amechagua upande wenye maji! Mimi kanisukumia ukame, na watu wakasema amina, na mimi nikalia kwa shukrani! Asubuhi hii nimemkuta anachimba mtaro mrefu, anayatoa maji ya udhu kwangu, yaani kwake, anayapeleka kwenye ile mistari ya miti barabarani. Nikamuuliza anafanya nini. Ati anaukausha udongo upumue. Mimi si mtoto. Mtu hachimbi mtaro wa namna ile kwa ajili ya pumzi.

Guilan amesema niache. Amesema kwa maneno ambayo sitayaandika.

Sina ugomvi na mtu. Nimechoka na ugomvi. Nimepiga hesabu tu, kwa utulivu, kwamba toka jiko la maji mpaka nusu yangu panahitaji bomba moja refu, lipite chini ya ukuta, na Mzee Hei analo, halitumii, na sasa tunasemezana. Nimekwenda kumwomba. Amesema nilichukue kesho, mradi nisimwambie ni la nini.

Maana hebu fikiri. Mizizi ile ya shemeji imekaa na kiu miaka minne mizima, na bado imekuwa mitamu namna ile. Ikishiba maji, je?